Kusi, Kaskazi na Uwanja wa Ndege wa Malindi

Mtu akaaye Watamu hana haja ya kuinua macho ili ajue kuwa pepo zimegeuka. Yamtosha kusikiliza. Katika miezi ya kaskazi, ndege itokayo Mombasa kwenda Malindi aghalabu hupita ubavuni mwa mji, huteremka polepole kwa upande wa bahari, na mngurumo wake hufifia mbele kama sauti ya mtu aliyekwisha fika nyumbani. Katika miezi ya kusi, ndege ile ile, katika safari ile ile, haiteremki hivyo. Huupita mji wa Malindi kwanza, huuacha nyuma, kisha hugeuka na kurudi ikielekea kule ilikotoka, ndipo itue. Mgeni asiyejua hudhani rubani amepotea njia. Hakupotea. Ameutii upepo, kama walivyoutii watu wote waliopata kuingia Malindi na kutoka, tangu zama za mitepe na majahazi.

Neno lenyewe rubani ni neno la baharini. Kabla ya ndege kuwako, rubani alikuwa ni mtu ajuaye miamba, mikondo na nyota, aliyepanda chomboni ili akiingize bandarini au akivushe bahari kuu. Ndege zilipofika pwani, watu hawakusumbuka kutafuta jina jipya. Walimtwaa mjuzi wa majini wakampandisha hewani. Naona walifanya vyema kuliko walivyojua, kwa sababu elimu ya watu hawa wawili ina mzizi mmoja.

Kila mtoto wa pwani amesikia habari za pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hata Machi, ikitoka upande wa kaskazini mashariki. Kusi huanza Aprili, hupata nguvu katikati ya mwaka, na hulegea Septemba au Oktoba. Baina ya pepo hizo ziko siku za tangambili, ambazo upepo ni dhaifu na hauna msimamo, na chombo chaweza kutweka tanga kuelekea upande wowote. Kwa kaskazi walikuja wafanyabiashara wa Arabuni na Bara Hindi. Kwa kusi walirudi makwao. Vipande vya vyombo vya udongo vya China vilivyochimbuliwa katika magofu ya Gedi, umbali mfupi kutoka Watamu, vililetwa pwani hii na pepo hizo. Na twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415 alisafiri kwa pepo hizo hizo, jambo ambalo bila shaka lilimshangaza yeye kuliko lilivyowashangaza Wachina.

Adhabu ya kuudharau upepo haikukawia kuwafikia waliokuja bila kuujua. Vasco da Gama alitia nanga Malindi katikati ya Aprili 1498, baada ya kukosana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi alimpokea, akampa rubani aijuaye njia ya Bara Hindi. Vitabu vingi vimeandika kuwa rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa mashuhuri wa elimu ya bahari. Wachunguzi wa baadaye wameikataa habari hiyo, nami nafuata kauli yao. Jina la mtu yule lisitushughulishe sana. Lenye maana ni siku aliyochagua. Waliondoka tarehe 24 Aprili, kusi ikiwa ndiyo kwanza inaamka, na tarehe 20 Mei walikuwa wametia nanga karibu na Calicut. Bahari nzima ilivukwa kwa muda wa siku ishirini na sita hivi.

Katika kurudi hawakuwa na rubani wa namna hiyo, wala hawakutaka kungoja. Waliondoka pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi ikiwa bado haijaanza kuvuma. Wakakutana na shuwari ndefu, na upepo ulipovuma uliwapiga usoni. Safari iliyowachukua siku ishirini na sita katika kwenda iliwachukua karibu miezi mitatu katika kurudi. Mabaharia walivimba ufizi, wakadhoofika, na watu wapata thelathini wakafa njiani. Walipofika tena Malindi Januari 1499, waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote, na baada ya kuondoka hapo walikichoma moto chombo kimoja. Mnara wa msalaba waliousimamisha ungaliko Malindi, juu ya mwamba, na wageni hupigwa picha mbele yake. Ni wachache wafikirio kuwa mahali pale pafaa kuwa kumbukumbu ya upepo pia.

Kwa baharia, basi, upepo mwema ni ule utokao tezi, yaani nyuma, ukakijaza tanga na kukisukuma chombo. Pepo za omo, zile zinazokipiga chombo usoni, ni adui yake. Hapa ndipo rubani wa hewani alipoachana na ndugu yake wa majini. Akiwa angani, safarini, yeye naye hupenda upepo wa tezi, kwa kuwa humfikisha mapema. Lakini wakati wa kuruka na wakati wa kutua, pepo za omo ndizo rafiki zake, nazo huzitafuta kama baharia alivyozikimbia.

Sababu yake si ngumu. Injini huisukuma ndege tu; kinachoibeba ni hewa ipitayo juu na chini ya mabawa, na hewa hiyo haijali kama ndege ndiyo iendayo au upepo ndio ujao. Tuseme ndege ndogo yahitaji hewa ipite mabawani kwa mwendo wa maili 60 kwa saa ili isianguke. Ukiwapo upepo wa maili 20 usoni pake, ndege hiyo itagusa ardhi ikienda maili 40 tu. Rubani akitua upepo ukiwa nyuma yake, ataigusa ardhi kwa maili 80. Mwanafunzi wa hesabu atasema 80 ni mara mbili ya 40, na asidhani kuwa hatari nayo ni mara mbili. Mwendo ukizidi mara mbili, masafa ya kusimama huzidi yapata mara nne. Penye njia fupi, tofauti hiyo ni tofauti ya kusimama salama na kuishia mashambani. Wala si mashine peke yake zishikazo sheria hii. Nenda hori ya Mida saa ya maji kupwa, katika miezi ambayo ndege wageni wa Ulaya, Asia na pwani za Uarabuni wamekuja kwa maelfu kula katika tope. Watazame wanapotua. Kundi zima hugeuza vichwa kuukabili upepo.

Ndiyo maana hakuna fundi ajengaye njia ya ndege kuelekea popote apendapo. Kwanza huuliza upepo. Malindi, njia kubwa imelazwa karibu sawasawa na mstari wa kaskazini na kusini, nayo yaitwa 17 na 35. Namba hizo ni za dira: huchukuliwa nyuzi za mwelekeo, ikaachwa tarakimu ya mwisho. Ndege itumiayo 17 huelekea nyuzi 170, yaani kusini na kidogo mashariki, ikiikabili kusi. Itumiayo 35 huelekea nyuzi 350, kaskazini, kuipokea kaskazi, ijapokuwa upepo huo huipiga ndege kwa ubavuni kiasi kwa kuwa haukutoka kaskazini hasa. Ardhi ni ile ile, lami ni ile ile, majina mawili, na mwenye kuchagua jina la leo ni upepo. Iko na njia ya pili, fupi kuliko ya kwanza, iliyolazwa mashariki na magharibi, yenye namba 08 na 26, ifaayo ndege ndogo wakati upepo utokapo baharini. Kando ya njia husimama mlingoti wenye mfuko mrefu wa nguo, na mfuko huo ukijaa upepo huonyesha uelekeo wake. Nahodha wa zamani angeusoma bila kufundishwa. Siku za tangambili mfuko hulegea, ukageukageuka, na waongozaji wa ndege huwa na kazi ya kuamua.

Ndege hazikuingia pwani hii zikiwa na haja ya lami. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege Nairobi, na uwanja unaochukua jina lake hata leo ndio mojawapo ya viwanja vyenye ndege nyingi kuliko vyote Kenya, nyingi zikiwa ndogo. Baadhi ya ndege ziendazo Malindi hutoka hapo. Ndege za siku zile zilitua penye majani yaliyofyekwa. Mwaka 1937 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilileta ndege zitualo juu ya maji, zilizotoka Southampton kwenda Durban zikigusa Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Kwa ndege hizo bandari ilikuwa uwanja, na bahari haina mwisho wa njia. Rubani aliukabili upepo wowote ujao.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1940 ndege za Wataliani zilitoka kaskazini zikadondosha mabomu Malindi, mji usio na ngome wala kiwanda. Ni ajabu ya historia kuwa wana wa nchi hiyo hiyo ndio waliokuja baadaye kuwa wageni mashuhuri kuliko wote katika Malindi na Watamu, wakajenga nyumba na hoteli, na kwamba tangu mwaka 1967 waliruka kutoka pwani hii kwenda mbali kuliko ndege yoyote: mwaka huo chombo cha angani kilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini mbele ya Ngomeni.

Baada ya vita, mwaka 1946, likaundwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Lilianza na ndege sita za mabawa mawili mawili, zilizotua kwa wepesi katika viwanja vifupi. Laiti ndege zingebakia hivyo, Malindi ingekuwa sawa na mji wowote. Lakini ndege zilikua kama merikebu zilivyokua. Injini za jeti zilipokuja, ndege zikawa nzito na za kasi, zikadai njia ndefu. Nairobi ilijenga uwanja mpya Embakasi, uliofunguliwa mwaka 1958. Njia yake yapita kilomita nne, kwa kuwa mji ule uko juu sana, mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na huyabeba mabawa kwa shida. Yapasa vijana wajue pia ni nani waliochimba: kazi kubwa ya uwanja huo ilifanywa na wafungwa wa wakati wa Mau Mau, waliozuiliwa Embakasi na kushurutishwa kufanya kazi. Watu wapandao ndege pale leo hukanyaga jasho ambalo halikulipwa.

Mombasa nayo ilipata njia ya kilomita tatu na zaidi, na uwanja wake ukapanuliwa mwishoni mwa miaka ya sabini ili upokee ndege kubwa kutoka Ulaya moja kwa moja. Njia kubwa ya Malindi imebaki na urefu wa mita 1,400 hivi. Yatosha ndege za mapanga zitokazo Nairobi na Mombasa. Haitoshi ndege kubwa za jeti.

Msomaji aliyeshika historia ya pwani ataona kuwa jambo hili limepata kutokea. Wareno walipokuja, Malindi ndiyo iliyokuwa rafiki yao na kituo chao kwa miaka karibu mia moja. Lakini bandari ya Malindi iko wazi, na vyombo vikubwa havina maficho hapo. Mombasa ina maji ya kina yaliyozungukwa na ardhi. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa, wakahamia huko, na mtawala wa Malindi akahamia pamoja nao. Malindi ikadhoofika. Miaka karibu mia nne baadaye ndege zilifanya vile vile: zilipokuwa kubwa zilihamia Mombasa. Mgeni wa Watamu atokaye Ulaya hushuka Mombasa, kisha hupanda gari mwendo wa kilomita 100 na zaidi. Kabla ya mwaka 1991, alipofika Kilifi alikuwa akingoja kivuko kimvushe, kwa kuwa daraja halikuwako.

Si ajabu basi kwamba wenye hoteli na wafanyabiashara wa Malindi na Watamu wamelilia kwa miaka mingi njia hiyo irefushwe, na serikali imekuwa na mpango wa kuifikisha yapata mita 2,500. Hoja yao ina nguvu. Kijana anayemaliza shule Watamu hutafuta kazi hotelini, mashuani, au katika kuwaongoza wageni, na idadi ya wageni huzifuata ndege. Lakini njia hairefushwi hewani. Hurefushwa juu ya mashamba ya watu, na jirani za uwanja wamekuwa wakingoja fidia kwa muda mrefu, hawajui kama wapande mnazi mpya au wasipande. Mnazi huchukua miaka mingi kuzaa. Mtu asiyejua kama atakuwapo wakati wa mavuno hawezi kuupanda kwa moyo mmoja.

Iko na sheria nyingine, nje ya urefu na upepo, inayotawala kila njia ya ndege: chombo kimoja kwa wakati mmoja. Dunia ilijifunza ukali wake katika kisiwa cha Tenerife tarehe 27 Machi 1977. Uwanja ule mdogo ulikuwa umejaa ndege kubwa zilizoelekezwa hapo kwa dharura. Nafasi ya kupita pembeni haikuwako, ikabidi ndege zipite juu ya njia yenyewe ya kurukia ili kwenda kujipanga. Ukungu ukashuka. Ndege moja ikaanza kuruka bila ruhusa, na nyingine ingali njiani mbele yake. Watu 583 wakafa, na hapajatokea katika historia ya ndege mgongano mwingine wa mbili ulioua watu wengi kama huo. Baada ya msiba huo maneno ya waongozaji na marubani yalikazwa duniani kote, ili neno la kuruka lisitamkwe ila wakati wa ruhusa hasa.

Malindi haina ndege kubwa za namna hiyo, lakini ina mchanganyiko wake: ndege za abiria, ndege za kukodi, na ndege za mafunzo ambazo wanafunzi huzitumia kujifunza kuruka na kutua, kuruka na kutua, mara nyingi kwa siku moja. Zote zashiriki anga moja ndogo, na chini ya anga hiyo mji umekua. Palipokuwa na mashamba pamekuwa na nyumba, maduka na vituo vya bodaboda. Barabara kuu ya kwenda Mombasa yapita karibu.

Tarehe 10 Januari 2025, ndege ndogo ya mafunzo ilianguka Kwachocha, kando ya barabara hiyo. Waliokuwa ndani waliokoka. Watu watatu waliokuwa chini, katika shughuli zao za Ijumaa, walikufa. Kuhukumu sababu ya ajali si kazi ya insha. Wako waliowekewa kazi hiyo. Lakini historia yaweza kusema jambo moja bila kungoja: wale watatu hawakununua tiketi wala hawakuomba safari. Walipita tu chini ya njia ya ndege, kama wapitavyo maelfu kila siku, kwa sababu mji na uwanja vimesogeleana hata hakuna nafasi baina yao.

Hivyo mita zile 1,100 zinazotakwa kuongezwa hazihusu wageni na ndege kubwa tu. Zahusu pia ni nani atakaa mwisho wa njia, na kwa umbali gani, na atalipwa nini ili ahame. Hadi mwaka 2025 njia ilikuwa ingali na urefu wake wa zamani. Ilikuwa miezi ya kaskazi Januari ile, na ndege za Mombasa zilikuwa zikiteremka kutoka upande wa Watamu, moja moja, zikiukabili upepo.